Ulaya ya Pili

Mwezi uliopita nilikwenda kuchambua sweta za mtumba sokoni Morogoro, maana binti yangu amepangiwa shule ya bweni Njombe, na Njombe si mahali pa kumpeleka mtoto na kitenge. Nilipoingiza mikono ndani ya lundo, harufu ya naftalini ikanipanda puani. Mnaijua, vile vidonge vyeupe mama zetu walivyokuwa wakiweka kabatini kufukuza mende. Si harufu nzuri hata kidogo. Lakini ilinishika palepale, nikabaki nimeinama na sweta mkononi mpaka muuzaji akaniuliza kwa upole kama nanunua au nasali. Mawazo yangu hayakuwa Morogoro tena. Nilikuwa Kilosa, nina miaka minane, nimekaa kwenye kona ya kitanda cha Bibi, namtazama akifungasha kwenda Ulaya.

Wazazi wangu walikuwa walimu Dodoma, na mimi nililelewa na Bibi na Babu kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, ng'ambo ya reli. Bibi alikuwa mkunga. Nusu ya watoto niliosoma nao walipokelewa na mikono yake, na hata wale wakorofi walimwamkia shikamoo wakiwa bado mbali, kana kwamba anaweza kuwarudisha walikotoka. Babu alikuwa amefanya kazi ya reli maisha yake yote, akibadilisha njia pale stesheni ili treni zikikutana kila moja ipite kwake. Alikuwa amestaafu, lakini masikio yake hayakustaafu. Tukiwa tunakula, akisikia honi upande wa Kimamba, alitazama saa, akatikisa kichwa, kisha akaendelea na tonge lake. Treni imechelewa. Sikumbuki siku ambayo hakutikisa kichwa.

Zamani, kabla mama yangu hajazaliwa, Bibi alifanya kazi na muuguzi kutoka Norway aliyeitwa Inga. Walikuwa wasichana wawili wenye baiskeli mbili, wakizunguka vijiji vya Chanzuru na vya milimani kuwapima wajawazito. Inga alijifunza kusonga ugali na kula mlenda bila kukunja uso. Bibi alijifunza kufuma soksi, ufundi ambao Kilosa hauna kazi. Siku Inga anaondoka walilia stesheni, na Bibi akamwahidi kwamba kama yeye alivyokuja kwao, naye atakwenda kwao. Watu huahidi mambo kama hayo stesheni. Miaka ikapita, barua zikaja kila Krismasi, mwisho zikaanza kuja kwa kompyuta ya ofisi ya kanisa. Kisha ikaja moja iliyoandikwa na mtoto wa Inga. Mama yake alikuwa mgonjwa wa moyo, hawezi tena kupanda ndege, na hapiti siku bila kumtaja Bibi. Je, angeweza kuja? Tiketi zote wangetuma wao.

Inga aliishi kwenye mji mdogo wa bandari, kaskazini kabisa mwa nchi ile. Mtu angeweza kufika kwa ndege moja kwa moja, lakini Inga mwenyewe alikataa. Alisema Bibi alimwonyesha nchi yake polepole, kwa baiskeli, kwa hiyo naye anataka ya kwake ionekane polepole. Basi Bibi angekwenda kwa treni hadi Dar es Salaam, kwa ndege hadi Oslo, kwa treni tena kuvuka milima yenye theluji hadi Bergen, na kutoka hapo kwa meli ya abiria inayoambaa na pwani, ikitua bandari hadi bandari, siku tatu na ushei.

Babu alipoisikia safari hiyo alichukua karatasi, rula, na kalamu mbili. Hakuna aliyemtuma. Alikaa mezani jioni baada ya jioni akiandika ratiba kama zile za stesheni, nyekundu kwa kuondoka, buluu kwa kuwasili, na kila alipofika mahali pa kubadilisha alikohoa.

"Hapa Oslo wamekupa dakika kumi na moja," alimwambia Bibi. "Kushuka treni ya kutoka uwanja wa ndege, kupanda ya Bergen."

"Labda kwao zinatosha."

"Dakika kumi na moja mimi sizipitishi."

Akamwandikisha katibu wa kanisa ujumbe mpaka mtoto wa Inga akabadilisha tiketi, Bibi apande treni inayofuata, awe na saa mbili za kukaa chini. Na mwanzoni mwa ratiba, kati ya treni ya Kilosa na ndege, Babu aliacha siku mbili tupu. Alipoulizwa za nini, alijibu kwamba anaijua reli yetu.

Sasa niwaeleze jambo ninyi msioijua njia yetu. Ukitoka Kilosa kwenda Mikumi, huko njiani kuna kijiji kinaitwa Ulaya. Kipo mpaka leo. Kwaya yetu ilikwenda huko kwa sikukuu ya mavuno, tukala wali na maharage chini ya turubai, tukarudi kabla jua halijazama. Mwanamke aliyekuwa akituletea ndizi nyumbani alitoka Ulaya. Kwa hiyo nyumbani walipoanza kusema Bibi anakwenda Ulaya, mimi sikushtuka. Nilichoshangaa ni fujo. Kwa nini mtu apigwe picha, achukuliwe alama za vidole na kupewa kitabu kidogo cha kijani ili aende Ulaya, wakati mama wa ndizi huenda na kurudi na tenga lake bila kuulizwa na mtu? Shuleni mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa niwaambie wenzangu bibi yangu anakwenda wapi. Nikasema. Wakapiga makofi. Nilikaa chini nikiwaonea huruma.

Kufungasha kulichukua karibu mwezi mzima. Bibi alinunua koti zito mnadani, la rangi ya kijivu, likinuka naftalini kiasi cha kutoa machozi. Babu aliligeuza, akasoma kitambaa cha ndani ya kola, akasema koti linarudi kwao. Ziliingia soksi alizofuma mwenyewe, khanga mbili za Inga, unga wa mlenda mkavu uliofungwa mara tatu, karanga, na chupa ya asali ambayo ilitolewa, ikarudishwa, ikatolewa tena. Babu aliazima mizani ya mnunuzi wa ufuta, akaining'iniza kwenye boriti ya jikoni, na kila jioni begi lilipimwa kama gunia. Kila likizidi kilo zinazoruhusiwa ndegeni, Bibi alitoa nguo zake na kuacha mlenda.

Jioni moja katibu wa kanisa alileta ujumbe mwingine, Babu akausoma kwa sauti. Inga alimwomba Bibi abebe kitambaa cha kufunga macho wakati wa kulala, kwa sababu msimu ule kwao jua halizami kabisa; ni mchana mtupu, hakuna usiku.

Hapo nikashtuka. Ulaya ninayoijua mimi jua lilizama, nililiona kwa macho yangu tukiwa kwenye lori la kwaya. Mahali pasipo usiku nilipasikia sehemu moja tu: kanisani, mchungaji alipohubiri juu ya wanakokwenda waliolala katika Bwana. Nikaanza kukusanya mambo. Bibi alikuwa amemkabidhi muuguzi kijana mkoba wake wa ukunga. Alimwonyesha Babu zilipo hati za shamba. Jumapili iliyotangulia, kina mama wa kanisa walimzunguka, wakamwekea mikono kichwani, na wengine walilia. Nani anayelilia mtu anayekwenda kwenye ndizi? Nikajua kwamba wakubwa wananificha. Bibi anakwenda kufa, na Babu amemwandikia njia.

Sikumuuliza mtu. Mtoto akishapata jibu baya haulizi tena, anaogopa kuthibitishiwa. Asubuhi Babu alipokwenda kunyoa, nilichukua ratiba kutoka mezani, nikaikunja, nikaisukuma chini ya kuku mwekundu aliyekuwa akiatamia kwenye tenga jikoni. Alinidonoa mara mbili mpaka damu ikatoka. Nilivumilia. Niliona ni haki.

Masika ya mwaka ule ilikataa kuondoka. Ilinyesha siku nne mfululizo, mto Mkondoa ukafura, ukageuka rangi ya chai ya maziwa, ukaingia kwenye mashamba. Siku ya treni Babu alitoka mapema kwenda stesheni, akarudi amelowa hadi kiunoni. Maji yalikuwa yamekula tuta la reli upande wa Munisagara, na treni ilikuwa imesimama huko nyuma. Hakuna aliyejua mpaka lini. Barabara ya kupitia Kimamba kwenda Dumila nayo ilikuwa chini ya maji. Tulisubiri siku hiyo, tukasubiri na mbili zilizofuata. Zile siku tupu za Babu zikaliwa zote mbili, na ndege ilikuwa inaondoka kesho yake usiku.

Ndipo walipotafuta ratiba. Namba ya simu ya mtoto wa Inga ilikuwa pale, na saa zote, na mahali pa kubadilisha. Umeme ulikuwa umekatika tangu mvua ianze, na kompyuta ya kanisa ilikuwa imelala. Babu alipekua makoti, akapekua Biblia, akapiga magoti na kutazama chini ya kitanda. Sikuwahi kumwona Babu akipoteza kitu. Akarudi kwenye makoti yaleyale, akayapekua upya. Kule kurudia ndiko kulikonishinda. Nikaenda jikoni, nikamwinua kuku, nikarudi na karatasi yenye manyoya na doa la kinyesi kwenye mstari wa Oslo.

Babu aliipokea, akaipangusa kwa kiganja. Bibi alinivuta kati ya magoti yake, jinsi alivyokuwa akiwashika wanawake waliokaribia kujifungua, kwa nguvu lakini bila haraka.

"Mke mwenzangu," aliniita, maana ndivyo alivyopenda kunitania, "kwa nini?"

"Sitaki ufe."

"Nani amekwambia nakufa?"

Nikamweleza yote, kuhusu jua, na mkoba, na kina mama waliolia, na Ulaya ya ndizi. Babu aligeukia dirishani, na mabega yake yakaanza kucheka. Bibi hakucheka. Aliniambia kwamba Ulaya ni mbili. Ile ya njia ya Mikumi ni ya kwanza, na yeye anakwenda ya pili, ng'ambo ya bahari na jangwa, ambako watu huzaa na kuugua na kupika kama sisi, ila msimu mmoja jua linasahau kulala. Alisema ameacha mkoba kwa sababu wanawake wa Kilosa hawataacha kuzaa eti kwa kuwa yeye amesafiri. Kisha akasema jambo ambalo nimekuwa nikilishukuru kadiri ninavyokua.

"Siwezi kukuahidi habari za kufa, mimi si Mungu. Lakini nakwenda kumwona rafiki yangu akiwa hai, halafu narudi. Hiyo ndiyo nia yangu."

Babu alikwisha kuvaa viatu. Njia iliyobaki ilikuwa ya Mikumi: kupanda vilima upande wa kusini mpaka barabara kuu, kisha basi lolote linalotoka Mbeya kwenda Dar. Alikwenda kwa Mama Tatu, mfanyabiashara wa ufuta aliyekuwa na pikapu, ambaye watoto wake wote watatu walizaliwa mikononi mwa Bibi. Mama Tatu hakuuliza maswali. Alisema tuondoke sasa hivi, kabla mvua haijabadili mawazo. Na Babu akasema mtoto naye apande, akaione hiyo Ulaya.

Tulikaa nyuma, mimi na Babu, juu ya magunia matupu, begi likiwa kati yetu limefunikwa nailoni. Pikapu ilizama kwenye tope mara mbili, na mara zote mbili Mama Tatu alishuka, akapandisha gauni, akakata matawi mwenyewe na kuyatia chini ya matairi. Tulipofika Ulaya alipunguza mwendo, Bibi akagonga kioo akanionyesha. Kulikuwa na shule, kibao, mbuzi, wanawake wakianua nguo, na mtoto wa rika langu aliyetupungia. Nilimpungia pia. Nilihisi jiwe likitoka kifuani, ingawa sikuweza kusema limekwenda wapi.

Mikumi kulikuwa kukavu, kana kwamba masika ilikuwa habari ya Kilosa tu. Malori marefu ya Zambia yalikuwa yameegeshwa kando ya lami, nyani wakikaa pembeni wakisubiri maganda. Tuliambiwa basi litapita baada ya nusu saa. Na hapo, kwenye kivuli cha kibanda cha chipsi, Bibi yangu, aliyewahi kuvuka Mkondoa uliofurika ili akamzalishe mtu, aliketi juu ya begi lake na kukataa kuinuka.

"Turudi nyumbani," alisema.

Hatukumwelewa. Akarudia. Alisema hajawahi kupanda ndege, Kiingereza chake ni cha hospitali, atapotea kwenye hiyo stesheni ya Oslo kama mbuzi sokoni, na Inga atamsamehe. Aliongea taratibu, akitazama mikono yake. Sikuwa najua kwamba mtu mzima anaweza kuogopa kitu ambacho hakijamtokea. Nilidhani hilo ni la watoto. Nilimtazama Babu amjibu. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba pale ndipo alipopata alichokuwa akikiombea kimyakimya mwezi mzima, na alipokipata aliona aibu kukipokea. Akatoa ratiba mfukoni, akanipa mimi.

"Msomee bibi yako. Miwani yake ipo chini ya mlenda."

Nikasoma. Nilikuwa msomaji mzuri, lakini sauti yangu ilikuwa ndogo, na malori yalipita, ikabidi nisimame karibu na sikio lake. Nilisoma saa za basi alizoziongeza Babu kwa penseli tukiwa njiani, kisha za ndege. Nilisoma: "Uwanja wa ndege. Kaa karibu na mama yeyote mwenye mtoto mchanga, mtaelewana." Nikasoma: "Oslo. Treni ya Bergen. Usikimbie, una saa mbili. Muulize mwenye kofia." Nikasoma: "Bergen. Kijana wa Inga atakuwa mlangoni pa behewa lako. Meli haiondoki bila yeye kwa sababu tiketi zenu ziko pamoja." Nilipofika mwisho wa ukurasa nikaona wino umepenya kutoka upande wa pili, nikaigeuza karatasi. Nyuma kulikuwa na ratiba nyingine, safi kuliko ya mbele. Meli, Bergen, Oslo, ndege, Dar. Mstari wa mwisho niliusoma polepole kwa sababu herufi zilikuwa zimebanana.

"Kilosa. Nitakuwa stesheni. Hata ikichelewa."

Bibi aliinua kichwa. "Huku nyuma uliandika lini?"

"Kabla ya huku mbele," alisema Babu.

Walitazamana, na mimi nikaona haya bila kujua kwa nini, nikatazama nyani. Bibi alisimama, akajipangusa vumbi, akafunga khanga upya kiunoni. Basi lilipokuja alipanda bila kushikwa mkono. Alikaa dirishani upande wetu, akaniita nisogee, akaniambia nimpe yule kuku mahindi, ameteseka. Kisha likaondoka kuelekea mbugani, nasi tukabaki tumesimama mpaka halionekani.

Alifika. Aliiwahi ndege, akapata mama mwenye mtoto mchanga, wakaelewana. Mtoto wa Inga alitupigia simu kwa Mama Tatu kutuambia kwamba wazee wawili wameketi dirishani tangu jana, wanangoja usiku ambao hauji, na hawajamaliza kuongea. Mlenda ulipikwa. Moyo wa Inga, ambao madaktari waliuhesabia miezi, ulipiga miaka mingine minne, na kila mtu aliyekuwepo ana maelezo yake.

Kufikia siku ya kurudi, reli ilikuwa imeshatengenezwa. Treni ilichelewa kwa saa sita. Babu alivaa shati lake jeupe, tukakaa kwenye benchi la stesheni tangu mchana, akininunulia mihogo ya kukaanga, na safari ile hakutikisa kichwa hata mara moja. Bibi alishuka behewa la tatu. Alikuwa amenenepa. Babu alipokea begi, akauliza kama amekula, wakatembea mbele yangu kuvuka reli kama watu waliotoka sokoni.

Nyumbani nilimuuliza kuhusu theluji, na bahari, na jua, naye akasimulia mpaka chai ikapoa. Babu alipoona nimemaliza maswali yangu, alikohoa.

"Ile treni ya milimani," alisema, "ya kwenda Bergen. Ilichelewa kiasi gani?"

"Haikuchelewa," alijibu Bibi. "Hata dakika."

Babu aliliwaza jambo hilo kwa muda mrefu, kikombe kikiwa kimesimama njiani kwenda mdomoni. Sijaona mtu akitamani kitu kwa utulivu kiasi kile. Kisha akanituma nimletee karatasi na rula, akavuta kiti karibu na cha Bibi, na kabla hajauliza chochote kuhusu saa za kuondoka, aliandika juu kabisa majina ya abiria. Nilisimama nyuma ya bega lake nikayasoma. Yalikuwa matatu.